Mwezi wa sita zima hita: kufuga sikilidi wa Uruguay hapa Dodoma

Upepo wa mwezi wa sita ukianza, simu yangu haipumziki. Mimi ni fundi vioo na aluminiamu hapa Nkuhungu, na vipande vinavyobaki kwenye kazi za madirisha navigeuza matangi ya samaki. Walionunua kwangu huanza kupiga: "Fundi, maji yamepoa, samaki wamejikunyata chini. Hita ya wati ngapi itatosha?" Nami huuliza kwanza wana samaki gani. Kama ni mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, nawaambia wanunue hita leo hii, maana hao wamezoea nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima. Lakini kama ni sikilidi wa Uruguay, Argentina au kusini mwa Brazili, nawaambia wachomoe hita waliyonayo waifungie kabatini mpaka watakapofuga samaki wengine. Hao baridi ya Dodoma ndiyo uhai wao.

Kwa asiyewajua, sikilidi ni ukoo uleule wa sato na perege. Afrika tunao tele, Amerika nako wapo, na walio wengi ni samaki wa joto. Wachache ndio walioenea mpaka kusini kwenye mito na mabwawa ya bonde la La Plata, ambako kipupwe ni kipupwe kweli. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, wastani wa joto la Julai ni kama nyuzi 11, na Januari ni kama 23. Samaki wa vijito vya huko mwili wake umejengwa kwa majira: miezi ya kula na kuzaa, kisha miezi ya kutulia. Ukimnyima miezi ya kutulia anakuwa kama mtu asiyelala.

Hilo nililijua kwa hasara. Miaka saba iliyopita nilipata wadogo sita wa Gymnogeophagus meridionalis, mmoja wa sikilidi hao wa Uruguay, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyewaingiza kwa kibali. Niliwaleta kwa basi la alfajiri, ndani ya ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, nimeizungushia khanga mbichi ili joto la Morogoro lisiwapike njiani. Nilipofika nikafanya nilivyozoea kuwafanyia mbuna: hita nyuzi 26, chakula mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Walikua haraka mpaka nikajisifu. Wakataga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kupumzika. Kisha jike mkubwa akaanza kukonda ingawa anakula. Mwingine akavimba tumbo. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili walikuwa wamebaki wawili, na hao wawili rangi ilikuwa imewatoka. Niliwapenda wale samaki, na ni mimi niliyewachosha. Kundi la pili nililolipata baadaye halijawahi kuona hita, na wakubwa wake mpaka leo wanataga kila Septemba.

Kalenda yetu na yao ni moja

Mfugaji wa Ulaya ana kazi ngumu kuliko sisi. Uruguay iko kizio cha kusini cha dunia, kwa hiyo baridi yake ni Juni hadi Agosti, wakati Ujerumani ni joto. Samaki aliyevuliwa porini akifika huko anakuta majira yamepinduka. Sisi tuko kizio cha kusini pia. Kipupwe chao na kipupwe chetu huja pamoja, na joto lao na letu hukaribiana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hewa ya nje hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtu wa Dar akitaka baridi ya namna hiyo atanunua mashine ya kupoza maji. Wewe wa Dodoma fungua dirisha.

Ila usikisie. Nunua kipimajoto, hata cha bei ndogo, na daftari la shule. Andika joto la maji saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni. Fanya hivyo wiki mbili kabla hujaleta samaki yeyote, kisha endelea. Daftari langu linaonyesha tangi la sebuleni lina nyuzi 16 au 17 alfajiri za Julai na 19 jioni, na jioni za Novemba limewahi kugusa 29. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba adui wa samaki hawa katika mji huu ni Novemba.

Tangi na mahali pake

Kwa Gymnogeophagus wadogo kama meridionalis, ambao hufika sentimita 10 hadi 12, kundi la sita linataka tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Hizo ni lita 243 likijaa mpaka juu. Kioo natumia cha milimita 10, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na hiyo dawa huua samaki. Usidanganywe na tangi dogo la mezani. Maji machache hupanda na kushuka haraka: lita 60 kwenye chumba changu zinacheza nyuzi tano kati ya alfajiri na jioni, wakati lita 240 zinacheza mbili au tatu. Samaki hawa wanataka baridi ya polepole, siyo ya kushtukiza.

Mahali pa kuliweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa magharibi wa tofali la kuchoma hunyonya jua la mchana na kulirudisha usiku, hivyo tangi lililoegemea hapo halipoi vizuri Julai na linachemka Oktoba. Chumba cha bati bila dari ni hatari zaidi. Liweke ukuta wa kusini au wa ndani, kwenye stendi fupi karibu na sakafu ya sementi. Kama nyumba yako ina dari na madirisha yanayoziba vizuri, huenda Julai maji yakabaki nyuzi 21. Hapo acha dirisha la chumba hicho wazi usiku, lenye wavu wa mbu, mpaka kipimajoto kikuridhishe.

Chini weka mchanga laini, si kokoto. Hawa ni wala mchanga: anajaza mdomo, anachuja wadudu, anautema mchanga kupitia mashavuni. Kokoto zinamjeruhi na kumnyima kazi yake. Mimi nachukua mchanga wa korongo baada ya mvua kuisha, naupitisha kwenye chekeche, naukosha mpaka maji yatoke meupe, ambayo kwangu ni ndoo kumi na tano au zaidi. Usichukue palipo na ukoko mweupe wa chumvi. Dondoshea siki kidogo. Ukichemka povu una chokaa, uache. Mawe ya granaiti tuliyojaliwa hapa Dodoma hayana neno, na bapa moja au mawili ndiyo watakayotagia.

Kipupwe: Mei hadi Agosti

Lengo ni wiki nane hadi kumi za maji ya nyuzi 14 hadi 18. Mei maji huanza kushuka yenyewe, na kama umezingatia ukubwa wa tangi kipimo cha alfajiri hakitashuka zaidi ya nyuzi moja kwa siku mbili. Kwa meridionalis mimi siruhusu yapite chini ya 12, na kwa Gymnogeophagus balzanii, ambaye anaishi mpaka Paraguay kwenye joto zaidi, nakomea 16. Chanchito, sikilidi mwingine wa huko, yaani Australoheros facetus, ndiye shupavu kuliko wote, lakini naye sioni sababu ya kumtesa.

Utaona wanapoteza rangi, wanaogelea polepole, wanasimama karibu na mchanga. Hawaumwi, wanatulia. Hapa watu wengi moyo huwalegea wakarudisha hita. Vumilia. Samaki anayeumwa hupumua kwa kasi, hujikuna kwenye mawe au huinamia upande. Anayepumzika amekaa wima na mapezi yamefunguka kiasi.

Chakula punguza kabla baridi haijakomaa. Tumbo la samaki hufanya kazi kwa joto la maji, kwa hiyo alichokila nyuzi 15 kinakaa ndani muda mrefu. Mei nalisha mara moja kwa siku, Juni siku moja ndiyo siku moja hapana, Julai mara mbili kwa wiki, kidogo. Maji yakienda chini ya 14 siweki kitu. Bakteria wa kwenye filta nao hupunguza kasi, hivyo chakula kisicholiwa kinageuka amonia bila wa kuishughulikia. Badilisha asilimia 15 ya maji kila wiki, na sponji ya filta ikamulie kwenye maji ya tangi uliyotoa, siyo chini ya bomba, klorini isije kuua hao bakteria waliobaki.

Jambo moja zuri la msimu huu: umeme ukikatika usiku wa Julai, mwenye mbuna anahangaika na mablanketi, wewe unalala. Maji baridi yanashika hewa ya kutosha, na samaki wenyewe wanatumia kidogo.

Maji yanapopanda: Agosti mwishoni na Septemba

Agosti ikielekea ukingoni Dodoma hupata joto haraka, na tangi litapanda lenyewe. Ongeza chakula kwa hatua zilezile ulizopunguzia. Mimi hapa nawapa viluwiluwi vya mbu ninavyofuga kwenye ndoo iliyofunikwa kwa chandarua. Navichota kila baada ya siku mbili, kwa kuwa ndoo ikisahaulika wiki nzima unazalishia mtaa mbu. Nachanganya na dagaa asiye na chumvi aliyesagwa na njegere za kuchemsha zilizomenywa.

Maji yakifika nyuzi 20 hadi 22 rangi inarudi kwa namna ambayo sijaacha kuishangaa: mapezi yanapata madoa ya samawati yanayong'aa, madume yanaanza kugombea mawe. Meridionalis hutaga juu ya jiwe bapa walilolisafisha kwa midomo. Jike hubaki juu ya mayai, dume hulinda mpaka. Balzanii yeye ana mtindo wake. Anataga kwenye jiwe, kisha baadaye jike peke yake anawaokota watoto na kuwalea mdomoni. Sato wetu naye hulea mdomoni, lakini yeye huyabeba mayai punde tu yakitagwa. Jike wa balzanii anayelea hali vizuri, basi usiingize mkono tangini bila sababu, akishtuka anaweza kuwameza au kuwatema.

Oktoba na Novemba, miezi ya kuangalia kwa makini

Nyuzi 22 hadi 26 ndilo joto lao la kiangazi. Siku chache za 28 wanazivumilia. Wiki mfululizo juu ya hapo zinawamaliza, na kinachowamaliza kwanza ni kukosa hewa. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanabeba oksijeni karibu miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Kwa mwinuko wa Dodoma punguza tena kama asilimia 12. Kwa hiyo maelekezo ya kwenye pakiti, yaliyoandikwa na mtu aliye pwani, hayatoshi kwetu: pampu ya hewa hapa siyo pambo. Uwe na nyingine ya betri kwa ajili ya umeme unapokatika, maana mwezi wa Novemba ndio utakapoihitaji.

Dawa kubwa ya joto iko kwenye mtungi wa bibi. Maji ya mtungi yanapoa kwa sababu unyevu unaotoka nje ya udongo unakauka na kuondoka na joto. Hewa ya Dodoma miezi hiyo ni kavu mno, basi toa mfuniko wa kioo, weka wavu ili samaki wasiruke, na elekeza feni ndogo ipige juu ya uso wa maji kuanzia saa nne asubuhi. Tangi langu linashuka kutoka 29 hadi 25. Dar feni hiyohiyo haifanyi kazi hivyo, hewa yao imeshiba unyevu. Chupa za maji ya kugandisha zitumie kwa dharura tu, moja moja, kwa sababu zinashusha ghafla na baada ya saa mbili joto limerudi.

Sasa sikiliza hapa, kwa kuwa ndipo wengi wanapoharibikiwa bila kujua. Feni inanipotezea lita nne au tano kwa siku. Kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi na chokaa vinabaki. Maji ya bomba ya Dodoma yanatoka visima vya Mzakwe, ni magumu, na kila birika la mji huu lina ukoko mweupe kuthibitisha. Ukijazia kwa maji ya bomba kila siku miezi miwili, unawapikia samaki mchuzi wa chokaa. Kujazia kilichokauka tumia maji ya mvua. Mimi nina simtanki moja ya mvua isiyoguswa kwa kufua wala kupikia. Mvua mbili za kwanza za Desemba naziacha zikoshe vumbi la bati, kisha nakinga mpaka Machi, na akiba hiyo inanifikisha Novemba inayofuata. Kwa kubadilisha maji ya kila wiki nachanganya nusu ya mvua na nusu ya bomba, ya bomba yakiwa yamelala ndooni saa 24 yakipigwa hewa.

Wenzao wa tangini

Kanuni yangu ni moja: mwenzao awe anaweza kukaa nyuzi 16 bila kuumwa. Ukishaikubali, orodha inajipunguza yenyewe.

Wa kwanza ni Corydoras paleatus, kambare mdogo wa madoadoa. Anatoka bonde lilelile la La Plata, anapenda mchanga uleule, na hana ugomvi. Weka sita au zaidi, mmoja peke yake hujificha. Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle, kama alivyomkusanya chanchito huko Maldonado, Uruguay, na wote wawili walipewa majina ya kisayansi na Leonard Jenyns mwaka 1842. Hufurahi nikiwaza kwamba kambare wangu wa Nkuhungu wana historia ndefu namna hiyo.

Wa katikati ya maji chagua tetra wa kusini: tetra wa Buenos Aires, ambaye ni mkakamavu lakini atakula mimea yako yote, au Aphyocharax anisitsi mwenye mapezi mekundu. Samaki hawa wanaoogelea juu bila hofu wanawafanya sikilidi nao watoke mafichoni. Mkia-upanga anayepatikana kwenye maduka yetu anafaa kwenye nyuzi 18 kwenda juu, na watoto wake wataliwa. Gapi hapana, ni mdogo mno na baridi inamdhoofisha.

Samaki wa dhahabu anavumilia baridi, ndiyo maana kila mtu hunipendekezea. Nakataa. Anachafua maji kuliko filta inavyoweza wakati wa kipupwe, na mapezi yake marefu yanavutwa. Msafishaji mkubwa wa vioo, yule pleko mwenye ngozi ya mamba, ni samaki wa joto. Wangu alikufa Julai ya kwanza isiyo na hita, na lilikuwa kosa langu kumwacha humo. Oska, mbuna na samaki wa Tanganyika wote ni hapana kwa sababu hiyohiyo.

Usichanganye aina mbili za Gymnogeophagus zinazofanana, wanaweza kuzaliana na utapata watoto wasio na kwao. Chanchito mweke na jozi yake tu akianza kutaga, kwani atageuza tangi zima kuwa lake. Na Crenicichla, sikilidi mwingine wa huko, hata awe mzuri kiasi gani, ni mwindaji: chochote kinachoingia mdomoni mwake ataona ni chakula.

Wakizidi

Jozi moja ikizaa utakuwa na watoto zaidi ya mia, na tangi halitawatosha. Nakuomba sana, usiwapeleke bwawa la Hombolo wala kwenye mto wowote. Samaki wengine wa joto ukiwatupa huenda baridi ikawaua. Hawa baridi yetu ndiyo wanayoipenda. Chanchito ameshajizalisha kwenye mito ya Ureno na Hispania ambako hakuwahi kuwapo, na kule Ziwa Viktoria tunajua sangara aliyepandikizwa aliwafanya nini samaki wa asili. Gawa kwa wafugaji wengine, au watenganishe madume na majike msimu wa Septemba. Na ukikosa kabisa wa kumpa, njoo nao kwenye karakana kwa ndoo yenye mfuniko, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nina matangi mawili matupu nyuma ya duka ninayoyaweka kwa ajili hiyo.